Kila kitu ni HARAKA: mwaka na nusu na GitHub Projects, nyota zangu hizi hapa

Niseme mapema kabisa hamna mtu kanilipa, mimi ni developa tu wa hapa Dar, tuko watu watano, tunatunza tovuti ya kukatia tiketi za mabasi ya mikoani pamoja na ile paneli ya ndani wanayotumia mawakala na mhasibu. Watu wananiuliza sana tunapangaje kazi, bagi (kosa kwenye programu) ipi inaanza ipi inasubiri, nani kashika nini, na nimechoka kurudia yale yale kwa kila mtu kwenye simu, basi leo nayamwaga yote hapa. Jibu fupi ni GitHub Projects, bodi ya kupangia kazi iliyo ndani ya GitHub, ule mtandao wa kutunzia programu, na inakaa juu ya GitHub Issues, yaani orodha ya mabagi na kazi, kila moja tunaiita ishu. Jibu refu lina Krismasi ndani yake na siti moja iliyouzwa mara mbili, tutafika.

Kwanza tulikotoka. Tulianza na grupu la WhatsApp kama kila mtu. Mteja wetu ni mzee wa makamo, mtu mzuri, shida yake anapenda voisi. Anatuma voisi ya dakika nne, ndani yake unakuta bagi mbili za kweli, wazo moja la mwakani na salamu za msiba wa jirani yake, alafu kesho yake anauliza "vipi lile nililosema jana?" na sisi tunaangaliana, lile lipi mzee. Tukahamia kwenye jedwali la mtandaoni, safu ya mwisho tukaiita "uharaka". Baada ya wiki tatu lilikuwa na mistari 46, mistari 39 imeandikwa HARAKA, na ile saba iliyobaki imeandikwa HARAKA SANA. Sitanii. Yaani kulikuwa hamna hata kimoja kinachoweza kusubiri, ina maana hamna hata kimoja kilichopangwa.

Tukaenda Trello, bodi ya mtandaoni ya kupanga kazi kwa kadi. Na hapa nitagombana na watu wanaoiponda Trello, maana ni kitu kizuri sana, ipo toka 2011, ilitengenezwa na Fog Creek wa New York, Atlassian wakaja kuinunua 2017 kwa dola milioni 425, na bado hata mama yangu ukimpa dakika tano ataelewa, unaburuta kadi kutoka kushoto kwenda kulia basi. Wazo lenyewe ni la zamani, wale Wajapani wa Toyota walikuwa wanatumia kadi kiwandani kuonyesha kipi kinahitajika sasa, kabla hata mimi sijazaliwa. Sisi kilichotushinda hakikuwa Trello, ni kwamba programu yenyewe tulikuwa tunaiweka GitHub na kadi ziko kwingine, mtu anarekebisha bagi saa nane usiku, anaipeleka laivu, analala, kadi inabaki palepale "inaendelea" mpaka Ijumaa. Ukiangalia bodi unadhani hamna mtu anafanya kazi ofisini. Na zile lebo za rangi ndo zikatumaliza kabisa, nyekundu ilikuwa ya dharura, ndani ya mwezi bodi nzima nyekundu kama jezi za Simba.

Jira, programu nyingine ya Atlassian ya kupanga kazi na mabagi, tuliionja wiki mbili. Mnajua jina lake limetoka wapi? Hawa jamaa wa Atlassian walikuwa wanatumia Bugzilla kutunza mabagi yao, na kwa vile Bugzilla inafanana na Godzilla wakaanza kuiita Gojira, jina la Kijapani la lile dude, alafu wakalikata kichwa ikawa Jira. Ndo kitu pekee nilichokifurahia. Hapana natania, kwa kampuni kubwa yenye timu kumi na mameneja wanaotaka ripoti ni mashine kweli kweli, ila kwa watu watano ni kukodi fuso kuhamisha godoro moja.

Sasa GitHub Projects. Hii ninayoisema ni ile mpya, iliyotoka rasmi 2022, sio ile ya zamani yenye makolamu tu. Kama programu yenu tayari iko GitHub basi hamna cha kufunga, unafungua projekti, unavuta ishu zako ndani, tayari. Na ishu zinaweza kutoka kwenye ripo (kabati la kuhifadhia programu) tofauti, sisi tunazo tatu, ya tovuti, ya paneli na ya mambo ya malipo, zote zinakaa kwenye orodha moja. Hili kwa watu wa tovuti ni kubwa kuliko linavyosikika, sababu mteja hajui na hataki kujua kwamba batani iko ripo hii na bei inatoka ripo ile, kwake yeye ni "mtandao wenu haufanyi kazi".

Kitu cha kwanza kilichonifanya nisirudi nyuma: ukiandika kwenye maelezo ya marekebisho yako "fixes #214", siku yakiunganishwa kwenye tawi kuu, yaani nakala rasmi ya programu, ile ishu namba 214 inajifunga yenyewe, na kwenye bodi inahamia Done yenyewe. Hamna wa kukumbuka kuburuta kadi. Yule mlala saa nane wetu saivi bodi inamtetea.

Cha pili, na hiki ndo sababu hasa ya mimi kuandika. Orodha ina mpangilio wa mkono. Unashika ishu unaipandisha au unaishusha, na inabaki pale ulipoiweka, kila mtu anaiona palepale. Utasema mbona kitu kidogo. Subiri. Lebo ya "haraka" unaweza kuibandika kwenye vitu 39 na hamna atakayekuzuia, rangi haiishi. Lakini kwenye foleni nafasi ya kwanza ni moja tu, kama pale dirishani hospitali, ukitaka kupita mbele lazima kuna mtu arudi nyuma na lazima umuangalie usoni. Tukaweka sheria moja tu ofisini: hamna kusema "hii ni haraka", unasema "hii ipite ile". Ukishindwa kutaja unayoipita, bado hujajua unachotaka. Lebo zote za uharaka tukazifuta siku hiyo hiyo, na GitHub wenyewe kwenye zile lebo tisa wanazokupa ukifungua ripo hawajaweka hata moja ya uharaka, kuna bug, kuna question, kuna wontfix (yaani haturekebishi) na nyingine, ila ya haraka hamna. Sijui walimaanisha nini, mimi nimeichukulia kama busara.

Ila angalizo, ukiwasha kupanga kwa safu yoyote, mfano kwa tarehe, kule kuburuta kwa mkono kunazimika kwenye mwonekano huo, yaani namna hiyo ya kuitazama orodha. Kwa hiyo tengeneza mwonekano mmoja, uite "Foleni", uufunge kwa kiapo kwamba hamna mtu kuugusa kwa kupanga na safu. Nyingine tengeneza utakavyo, mimi ninao wangu unaonyesha kazi zangu tu, bosi anao wake wa tarehe.

Hapo kwenye safu kuna uzuri mwingine. Unaweza kuongeza sehemu zako, sisi tuna moja tu ya ziada tumeiita "Ubaya", ina ngazi nne. Na hapa timu nyingi naziona zinachanganya mafaili, ubaya wa bagi na zamu yake ni vitu viwili. Sio mimi nimegundua, Bugzilla ya Mozilla, wale wa Firefox, toka kitambo ina sehemu mbili tofauti, ya ukali wa tatizo na ya kipaumbele chake kuanzia P1 mpaka P5, na ile kitu ilizaliwa 1998. Ngoja nitoe mifano yetu. Ripoti ya mhasibu kwenye paneli ilikuwa inaanguka kabisa, ukibonyeza unapata ukurasa mweupe, ubaya ngazi ya juu kabisa hakuna ubishi. Lakini anaitumia mtu mmoja, mara moja kwa mwezi, mwisho wa mwezi, na tuligundua tarehe 4. Ikakaa namba 15 kwenye foleni bila wasiwasi, ilipofika tarehe 24 ikapandishwa. Upande wa pili, kwenye risiti wanayopata abiria jina la kampuni lilikosewa herufi moja. Moja tu. Ubaya ngazi ya chini, hamna kilichovunjika, dakika tatu unarekebisha. Ikaenda namba 1 asubuhi hiyo hiyo sababu kila abiria anaipokea na mzee alikuwa kashapigiwa simu na shemeji yake. Ungeweka vitu hivi kwenye safu moja inayoitwa "prioriti" ungegombana na mtesta (anayeijaribu programu) mpaka jioni. Saivi mtesta wetu, dada mmoja mkali sana, ndo anayeweka ubaya na hatuubishii, foleni tunaipanga mimi na mzee kila Jumatatu.

Haya, siti. Hii ilitokea Desemba ya kabla hatujabadilisha utaratibu, na ndo iliyotufanya tubadilishe. Mnaojua biashara ya mabasi mnajua Desemba, kuanzia kama tarehe 15 watu wa Moshi na Arusha wote wanaenda nyumbani kwa wakati mmoja, stendi ya Magufuli pale Mbezi unatafuta pa kuweka mguu. Tovuti yetu siku hizo inapata watu ambao mwaka mzima hatuwaoni. Tarehe 19 asubuhi mzee ananipigia, naamkia shikamoo hata haitikii, "mwanangu hapa kuna watu wawili wameshika tiketi ya siti moja, na wote wamelipa". Sio basi moja, mabasi matatu. Kuna mama na mtoto mgongoni na kijana wa chuo, wote 14B, wote wana meseji ya malipo, na kondakta hajui amtoe nani. Mama alikaa, kijana akapanda la mchana, sisi tukarudisha nauli yake na ya wengine wanne, na mzee hakuongea na mimi siku mbili.

Sababu yenyewe ukiisikia utacheka. Siti tulikuwa tunaifunga pale uthibitisho wa malipo ya simu unaporudi kwenye seva yetu. Siku za kawaida unarudi ndani ya sekunde chache, hamna anayegundua. Siku za foleni unachelewa, na katikati ya kuchelewa huko mtu wa pili anaiona siti bado ya kijani, anabonyeza, analipa. Dawa yake ilikuwa ni kuishikilia siti dakika 10 toka mtu anapoichagua, na kwenye databezi kuweka kizuizi kwamba safari moja na namba moja ya siti haviwezi kuingia mara mbili, hata programu ikilewa. Kazi ya mchana mmoja.

Kinachouma: bagi ile ilikuwa imeripotiwa toka Oktoba! Ilikuwepo. Kadi yake imeandikwa "siti inajirudia", basi, hamna skrinshoti, hamna hatua za kuirudia, mtu kaibandika lebo ya njano ya "kati" ikazama chini ya kadi nyekundu thelathini na kitu. Na unajua wiki hiyo ya tarehe 19 timu ilikuwa inafanya nini? Bango la Krismasi. Theluji inayoanguka kwenye ukurasa wa mbele. Theluji, Mbezi, Desemba, joto lile. Ilikuwa na lebo nyekundu.

Ndo maana kingine ninachokipenda kwenye GitHub ni zile fomu za kuripoti, unatengeneza faili dogo mara moja, kuanzia hapo mtu akifungua ishu anakuta maswali tayari. Sisi tuna manne tu: ulikuwa unafanya nini, ulitegemea nini, kikatokea nini, na nani anaumia na anaumia vipi. Hilo la nne ndo la muhimu kuliko yote. "Siti inajirudia" ingepita kwenye swali hilo ingetoka "abiria wawili wanaweza kulipia siti moja", na hiyo sentensi hata mlinzi wa getini angeipandisha juu. Hapa kuna kasoro lakini, kulazimisha mtu ajaze hizo sehemu kunafanya kazi kwenye ripo za wazi tu, ripo ikiwa binafsi anaweza kuziruka akaacha tupu. Sisi dada mtesta ndo kizuizi chetu, ishu tupu anairudisha na neno moja, "jaza".

Kasoro nyingine. Lugha, kwenye tovuti yao hamna Kiswahili, kwa madevelopa sio tatizo ila mawakala wetu wa vituoni wakiona ule ukurasa wanaufunga. Na kila anayetaka kufungua ishu lazima awe na akaunti ya GitHub, sasa nani atamfungulia wakala wa Same akaunti ya GitHub. Kwa hiyo WhatsApp haijafa, tumeipunguza tu, mtu mmoja kwa zamu ya wiki anasoma grupu na kuhamisha yale ya kweli kuwa ishu, na anamjibu aliyeripoti namba yake. Voisi za mzee pia, anasikiliza huyo huyo wa zamu, tunamuita "mtu wa voisi", hamna anayeipenda wiki yake.

Ukitumia mwonekano wa bodi, ule wa makolamu, unaweza kuweka kikomo, mfano kazi tatu tu kwenye "inaendelea", lakini kikomo chenyewe hakizuii kitu, ukiweka ya nne inakubali tu inakuonyesha umepitiliza. Mwanzo nilikereka, saivi naona sawa, maana tukiona 5 kwenye sehemu ya 3 kuna mtu anaulizwa. Barua pepe za taarifa ni nyingi mno usipozipunguza kwenye mipangilio, nenda kazime zisizokuhusu siku ya kwanza. Na ukiwa na bando la kuungaunga, kurasa zake sio nyepesi, app ya simu inasaidia kusoma na kujibu ila kupanga foleni mimi nasubiri niwe kwenye kompyuta.

Bei: sisi hatujalipa kitu. Toka 2020 ripo binafsi ni bure hata mkiwa wengi, na Projects imo humo. Kwenye bure ripo ikiwa binafsi ishu moja unamkabidhi mtu mmoja tu, wengine wanalalamika, mimi nasema afadhali, kazi ikiwa na wenye wawili kila mmoja anadhani mwenzake kaanza. Kuna kitu kinaitwa milestone pia, unaweka tarehe na kuona asilimia ngapi zimefungwa, tunatumia kwa matoleo makubwa tu kama lile la kabla ya Desemba, siku za kawaida hapana.

Swali mtakalouliza, vipi kuhusu zile fomula za kupiga alama, mara faida gawanya kwa juhudi, mara kugawa kazi kwenye mafungu ya lazima, ingefaa na sio sasa? Tulijaribu fomula mwezi mmoja. Kilichotokea kila mtu alijifunza kuandika namba zitakazoipandisha kazi yake, theluji ingepata 8. Kwa timu ya watu hamsini labda. Kwa watano mnaokula wali maharage meza moja, foleni na mabishano ya Jumatatu yanatosha, na huwa hayazidi nusu saa sababu tunapanga kumi za juu tu, namba 11 kushuka chini hatuzigusi, zikae zilivyo.

Na funga vitu. Hili sio la GitHub ni letu, ila ile lebo ya wontfix imetusaidia kupata ujasiri. Kila miezi mitatu tunashuka mpaka mkiani, ishu yoyote iliyokaa bila mtu kuiulizia tunaifunga na sentensi moja ya adabu ya kueleza kwa nini. Mara ya kwanza tulifunga 58 kwa mchana mmoja, nilitegemea kelele, ikarudi moja. Ikifungwa haifutiki, ipo, ukiihitaji unaifungua tena.

Nyota ninazotoa ni 4 kati ya 5. Ile moja nimeikata kwa ajili ya mawakala, maana wao ndo wanaoziona bagi kabla ya mtu yeyote na ndo ambao hawawezi kuingia. Kama timu yenu programu haiko GitHub, au mteja anataka kuburuta kadi mwenyewe, kaeni Trello, mtaelewana vizuri, zingatieni tu kwamba ya bure kikomo ni washiriki 10 kwa eneo moja la kazi.

Desemba iliyopita siti haikujirudia hata moja. Kulikuwa na shida nyingine, meseji za tiketi zilichelewa kwa masaa mawili tarehe 22, ila ilikuwa namba 1 ndani ya dakika kumi na watu wawili wakaacha walichoshika. Mzee naye kazoea. Juzi kanitumia voisi, fupi safari hii, anataka rangi ya batani ya "Kata tiketi" iwe ya dhahabu, nikamjibu sawa mzee nimeiweka, iko namba 22, ukitaka ipande niambie ipite ipi. Kasoma, tiki mbili za bluu, mpaka leo hajajibu.